Kaniki Iliyopita Kizuizini

Barabara itokayo Kasekese kuja Kabungu, kabla haijayafikia mashamba ya watu, ilikuwa katika miaka ile imekatwa na mti mmoja mrefu uliolazwa juu ya panda mbili. Magharibi ya mti huo ulikuwa msitu wa miyombo pamoja na mbung'o wake. Mashariki walikuwa watu, mbuzi wao, ng'ombe wachache, kanisa la udongo, na mbele zaidi mji wa Mpanda na reli yake. Aliyekaa katikati ya pande hizo mbili, wavu mkononi na chupa yenye kizibo kiunoni, ni Dionizi.

Kazi yake ilikuwa kusimamisha kila chombo kitokacho msituni na kukamata mbung'o waliokidandia, wasije wakaingia vijijini na kuleta malale, ule ugonjwa wa usingizi. Baiskeli aliikagua kwa dakika mbili. Lori lilihitaji muda mrefu zaidi, maana mbung'o hujificha chini, penye kivuli na joto, naye alilazimika kulala chali na kutambaa kati ya magurudumu. Kwa sababu hiyo sharti la kwanza lilikuwa kuzima injini. La pili, abiria wote washuke na kukung'uta nguo zao. Masharti haya mawili ndiyo yaliyomfanya achukiwe na madereva wote wa wilaya.

Sisemi achukiwe kwa kutia chumvi. Yuko aliyekuwa akija kwa kasi na kufunga breki hatua tatu tu kutoka kwenye mti, makusudi, ili vumbi limfunike mlinzi. Yuko aliyepiga honi tangu kwenye kona mpaka mti ulipoinuliwa, bila kupumzisha mkono. Mwingine, mchukuzi wa mbao za mgodini, aliuvunja mti ule mara mbili katika mwezi mmoja, na mara zote mbili akasema breki zimekataa. Walimpa Dionizi jina la Bwana Inzi, na jina likashika hata watoto wa mafundisho wakalitumia, mpaka mimi, mwalimu wao wa dini, nilipowakataza.

Yeye hakuwajibu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na sababu yake. Kaka yake, Ubaldo, alikufa kwa malale zamani, wakati ukoo wao ungali ukiishi ndani ya msitu, kabla Serikali haijawahamisha watu na kuwakusanya pamoja. Dionizi alikuwa kijana wakati huo. Alimwona kaka yake akilala akiwa na tonge mkononi. Alimwona akimcheka mama yao kama mtu asiyemjua. Alipoajiriwa kizuizini hakuipokea kazi ile kama ajira tu. Aliniambia siku moja, tukitoka kanisani, kwamba kila mbung'o aingiaye ndani ya chupa yake ni mmoja ambaye hatafika mlangoni kwa mtu.

Mkewe aliitwa Kasilda, mzaliwa wa Kasekese, mwanamke mcheshi aliyezungumza kwa niaba ya watu wawili, yeye na mumewe. Walikuwa na binti, Helena, na mwezi wa Novemba mwaka 1954 Mungu aliwapa mtoto wa kiume, wakamwita Fabiani. Uzazi ulikuwa mgumu. Damu nyingi ilitoka, na Kasilda alibaki dhaifu kitandani. Ndipo mama yake, Mama Romana, alipopelekewa habari aje amuuguze bintiye.

Hapa nieleze jambo moja la desturi, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Katika ukoo ule mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hamtaji kwa jina, hagusi nguo yake, hakanyagi mkeka aliokalia. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia na kusimama majanini, mgongo akiwa ameugeuza, mpaka mama apite. Likiwapo neno la lazima, huambiwa mtu wa tatu. Asipokuwapo mtu, huambiwa mti, au jiwe, au chungu, na mwenzake husikia. Sisi walimu wa dini hatukuipinga desturi hiyo, kwa kuwa tuliiona ni heshima kwa wazazi iliyovaa vazi la kienyeji. Mimi mwenyewe niliwahi kumsifu Dionizi mbele ya wanafunzi wangu kwa jinsi alivyoishika. Laiti ningalinyamaza.

Siku ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi ule, yapata saa nne asubuhi, lori la Hilari lilitokea kwenye kona.

Lori lile lilijulikana kuliko mmiliki wake. Lilikuwa kuukuu tangu siku lilipofika Mpanda. Taa moja haikuwapo, mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na injini ilikuwa na tabia ya kukata roho bila kuaga. Watu waliliita Marehemu. Hilari, Mnyamwezi mnene mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa hata wakati wa jua kali, hakukasirishwa na jina hilo, bali alilitumia mwenyewe. Utingo wake alikuwa Ponsian, mzee mwenye mvi aliyetumia maisha yake akizungusha hendeli ya kuwashia injini, na bega lake la kulia lilikuwa limepanda juu kuliko la kushoto kwa sababu hiyo.

Siku ile Dionizi alikuwa peke yake. Mwenzake wa zamu, Telesphor, alikuwa nyumbani akitetemeka kwa homa.

"Zima gari, dereva," alisema Dionizi.

"Nizime?" Hilari alichungulia dirishani. "Bwana Inzi, una wazimu? Hili nikilizima hapa nitalizika hapa. Leta sanda kabisa."

"Zima. Nataka kuingia chini."

"Si uingie! Nani kakushika? Likikukanyaga tutasema umekufa kazini, Serikali itampa mkeo blanketi."

"Hilari, kila wiki maneno ni hayo hayo."

"Na kila wiki nakujibu hivyo hivyo! Nina watu wa treni humu. Treni inaondoka saa tisa, haimngojei mchunga inzi. Inua mti, ndugu yangu, inua."

"Sitauinua."

Abiria mmoja, mfanyabiashara wa samaki kutoka ziwani mwenye kanzu na kofia ya kufuma, alipiga ubavu wa lori kwa kiganja. "Jamani nyie! Jua linatuunguza, nyie mnagombana kama wake wenza! Zima, akague, twende!"

Hilari alizima. Marehemu alijitikisa mara mbili, akakohoa, akanyamaza. Ponsian aliteremka, akaitoa hendeli chini ya kiti na kuifuta kwa kitambaa kama padri afutavyo kikombe.

Nayaandika mabishano haya kwa urefu ili ieleweke kwamba Dionizi hakuwa mzembe. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, alisimama imara mbele ya mtu aliyemtukana, akatambaa chini ya lori lile chakavu, mafuta yakimdondokea kifuani, akatoka na mbung'o saba ndani ya chupa. Abiria walishuka, wakakung'uta. Alipita na wavu juu ya magunia ya dagaa kwa upande mmoja, kisha akaweka mguu juu ya gurudumu la nyuma ili apande upande wa pili.

Hapo akaona miguu ya mtu ambaye hakuwa ameshuka. Ilikuwa miguu ya mwanamke mzee, yenye nyufa, na juu ya kifundo cha kushoto palikuwa na bangili nyembamba ya shaba iliyopinda. Dionizi aliitambua bangili hiyo mara moja. Kwa miaka minane ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya mama mkwe wake aliyoruhusiwa kuiona.

Aliruka chini, akaenda kusimama majanini na kuwapa mgongo.

Mama Romana alikuwa ameketi kati ya magunia, amejifunga kaniki mbili, moja mwilini na nyingine, mpya, mabegani. Mbung'o hupenda kitu cheusi. Hilo analijua hata mtoto, na mlinzi wa kizuizi alilijua kuliko wote.

"Wewe gari," alisema Mama Romana kwa sauti ya kusikika, akipiga ubao wa lori kwa vidole, "mwambie mwenye wavu kwamba mimi sina magoti ya kushukia. Nikishuka, sipandi tena. Na mwulize mtoto anaendeleaje."

Abiria walicheka. Hilari akaitikia kwa niaba ya lori: "Marehemu hasikii, mama. Amekwisha zimwa."

"Mti," alisema Dionizi, uso ukiwa msituni, "mwambie mzee karibu sana. Mtoto ananyonya vizuri. Mama yake ndiye hana nguvu."

 Jambo lililobaki lilikuwa dogo: dhiraa chache za nguo nyeusi na magunia mawili aliyoyaegemea. Telesphor angalikuwapo angalifanya yeye. Dionizi aliunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamkabidhi Hilari wavu.

"Pitisha hapo juu, dereva. Polepole. Kwenye mikunjo."

"Leo nimeajiriwa!" Hilari aliuchukua wavu, akaupunga mara mbili hewani juu ya kichwa cha mama yule kama afukuzaye kuku jikoni. "Tayari! Hakuna inzi wala ndugu yake inzi. Mshahara wangu uko wapi?"

Dionizi alijua kwamba hivyo sivyo. Angeweza kumwita mmoja wa wanawake waliokuwa wameshuka, amwombe apande na kukung'uta kaniki ile. Alilifikiria. Lakini kuagiza mgeni amfunue nguo mama mkwe wake mbele ya wanaume wanaocheka, hilo lilimshinda. Nguo yake hakuruhusiwa kuigusa kwa mkono wake. Angeigusaje kwa mdomo wake?

Akasema, "Haya."

Ikawa kazi ya kumfufua Marehemu. Ponsian alizungusha hendeli mpaka jasho likamtoka kidevuni. Mfanyabiashara wa samaki na wanaume wengine walisukuma mpaka kwenye mteremko, Hilari akiwatukana kutoka ndani, nao wakimtukana kutoka nje. Saa nzima ikapita. Injini iliposhika kwa kishindo, wote walikimbia kudandia, na Dionizi aliuinua mti upesi kuliko siku zote, macho yake yakiwa chini.

Jioni alipofika nyumbani alipita nyuma ya nyumba, kwa kuwa mama mkwe alikuwa barazani. Kasilda alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue uso wake ulikuwa na furaha.

"Baba Helena, leo umeaibika," alisema. "Mlinzi wa mbung'o, mkeo kaumwa na mbung'o ndani ya nyumba yako!"

"Mbung'o gani?"

"Alikuja na mama. Mama kanifunika kaniki yake mpya, maana nilikuwa nasikia baridi, mara chwi! hapa shingoni. Nikasema, mama, umeniletea mgeni. Nimemuua kwa kofi."

"Umemtupa wapi?"

"Huko majivuni. Unataka kumzika?"

Dionizi aliinama penye mafiga akamtafuta kwa kijiti. Alimpata. Mabawa yalikuwa yamelaliana moja juu ya jingine, kama mikono ya mkasi uliofungwa. Inzi wa kawaida hafungi mabawa hivyo. Alimtia katika chupa yake pamoja na wale saba.

Sasa ilimpasa kufanya jambo moja tu. Wakati ule palikuwa na ofisa wa Serikali, watu walimwita Bwana Mbung'o, aliyepita kila Jumatatu kukusanya chupa. Amri yake ilikuwa wazi: mbung'o akipatikana ndani ya kijiji, ataarifiwe, na aliyeumwa apelekwe Mpanda akapimwe damu. Lakini Bwana Mbung'o angeuliza, ameingiaje? Lori lipi? Nani alilikagua? Ni wapi ambapo hukukagua, na kwa nini? Na jibu lake lingekuwa mama mzee aketiye barazani, aliyekuja na nguo mpya ili amfunike mwanawe. Habari ingefika Kasekese kabla ya wiki kwisha: Romana amemletea bintiye malale ndani ya kaniki.

Si kila mbung'o ana ugonjwa, alijiambia. Ni wachache sana. Ni mmoja kati ya mamia.

Akafungua kizibo, akamtoa yule wa nane kwa kijiti, akamtupa motoni.

Walimu wetu wa zamani walitufundisha kwamba lipo kosa ambalo mtu huliingia kwa kusukumwa, naye akiamka anaweza kutoka humo kabla mlango haujafungwa. Pale kizuizini Dionizi alisukumwa. Pale penye mafiga alikuwa ameamka, na mlango ulikuwa wazi.

Baada ya siku kumi shingo ya Kasilda ilivimba mahali pale, kidonda chekundu kigumu kilichouma. Mama Romana alikikanda kwa majani. Kisha ikaja homa. Dionizi alileta vidonge vya malaria kutoka zahanati, akasema ni malaria. Homa ilishuka, ikapanda tena. Akasema ni homa ya uzazi. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa akiitazama ile shingo, na alijua anaitazama.

Noeli ikapita. Januari yote mvua zilinyesha, mti wa kizuizi ukaota uyoga, na madereva wakazidi kumtukana kwa kuwakalisha katika matope. Hilari alipita kila Ijumaa. "Bwana Inzi, leo una sura kama Marehemu!" alipiga kelele siku moja. Dionizi alitambaa chini ya gari akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, mpaka Ponsian akainama kumtazama. Alimkuta amelala chali katika maji, macho wazi, wavu juu ya kifua.

Katika Februari Kasilda alianza kulala mchana. Alilala akimnyonyesha mtoto. Alilala katikati ya neno. Siku moja Helena alimwita kutoka mlangoni, naye akamtazama binti yake, akacheka, akauliza huyu ni mtoto wa nani.

Jioni ile ile Dionizi alikuja kwangu. Hakuketi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akanieleza yote, tangu bangili ya shaba mpaka kijiti na moto. Alipomaliza aliuliza, "Mwalimu, nimwambie mama?"

Nilimjibu kwamba kwanza tumpeleke mgonjwa. Hilo la mama sikulijibu, na mpaka leo sijui ningejibu nini.

Zahanati ilisema apelekwe hospitali kubwa kwa treni, bila kuchelewa. Chombo kilichopatikana asubuhi ya pili kilikuwa kimoja. Hilari alipoona ni nani aliyelazwa kwenye godoro la majani nyuma ya lori lake, aliivua ile kofia ya sufu. Sikuwahi kumwona bila kofia. Aliendesha polepole kama abebaye mayai, akikwepa kila shimo, hakupiga honi hata mara moja. Mama Romana alibaki nyumbani na watoto. Alisimama nyuma ya ukuta, kwa kuwa mkwewe alikuwa barabarani, na tulisikia sauti yake tu ikimwita bintiye kwa jina la utotoni.

Maili nne kabla ya Mpanda, Marehemu alikata roho.

Ponsian alizungusha hendeli. Hilari alifungua boneti, akapuliza mirija, akasafisha kwa ulimi vitu ambavyo mtu hapaswi kuvitia mdomoni. Tulisukuma. Dionizi alisukuma kwa namna ambayo sitaki kuieleza. "Shika, baba, shika," Hilari aliliambia lori lile, na machozi yalikuwa yakimtoka bila haya, "leo tu, baba, kesho ufe ukitaka." Halikushika. Tulimchukua Kasilda kwa machela ya miti na blanketi. Tulipokuwa tukiingia mjini tulisikia filimbi, na tulipofika stesheni behewa la mwisho lilikuwa likipotea nyuma ya miti. Treni nyingine ilikuwa baada ya siku nne.

Alifika hospitali akiwa hai. Walimchoma sindano, wakafanya walichoweza. Daktari msaidizi, kijana mpole, alimwuliza Dionizi ugonjwa ulianza lini. Aliposikia alisema kwa huruma kwamba wagonjwa wanaoletwa mapema, damu ikiwa bado haijafikisha ugonjwa kichwani, wengi hupona. Hakujua alichokuwa akikisema. Kasilda alifariki siku ya tisa, akiwa amepata Mpako Mtakatifu, na alizikwa huko huko ugenini. Dionizi alirudi na blanketi na rozari.

Mama Romana alikuwa amekwisha kurudi Kasekese na wajukuu wote wawili. Dionizi alikwenda kwa Padri, na yaliyosemwa huko si yangu. Alikwenda pia kwa Bwana Mbung'o, akamweleza yote kama alivyonieleza mimi, akitaka afukuzwe. Yule ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hana mwingine anayejua kazi kama yeye. Hiyo, nadhani, ndiyo adhabu iliyokuwa nzito kuliko zote: kurudishiwa wavu.

Mwaka mzima alikaa pale. Hakuacha uzi wa nguo bila kuukagua. Wanawake walilalamika, wanaume walitishia kumpiga, dereva mmoja akampiga kweli. Jino likamtoka. Alitema, akaendelea kukung'uta magunia. Lile jina la Bwana Inzi lilififia, na halikuja jingine mahali pake. Watu walimwogopa kidogo, kama waogopavyo nyumba isiyopikwa chakula.

Februari mwaka uliofuata tulipanga Misa ya kumkumbuka marehemu Kasilda, nami nilipeleka habari Kasekese. Siku mbili kabla ya Misa nilikuwa pale kizuizini, nikingojea barua zangu, Hilari alipotokea. Lori lilikuwa ni lile lile. Mlango sasa ulifungwa kwa waya.

Hakuambiwa azime. Alizima mwenyewe.

Abiria walianza kushuka. Telesphor alichukua wavu wa pili, akaenda nyuma kama ilivyokuwa desturi yao tangu msiba. Lakini sauti ilimkataza.

"Niacheni. Nishikeni mkono tu."

Mama Romana alishuka. Ponsian alimshika upande mmoja na mwanamke mmoja upande wa pili, naye aliteremka ngazi moja moja akiuma midomo kwa maumivu ya magoti, mpaka miguu yake ikafika kwenye vumbi. Dionizi alikwisha kuiona ile bangili. Alikuwa majanini tayari, mgongo ukiwa kwetu.

Yule mama alijikokota mpaka kwenye mti wa kizuizi. Akaivua kaniki ya mabegani, akaitandaza juu ya mti, akaikunjua mikunjo yake yote kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine. Halafu akaugeuza uso wake upande wa msitu. Wakawa wamesimama hivyo, yeye na mkwewe, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo, na nguo nyeusi kati yao.

"Gari," alisema. Hakuna aliyecheka. "Mwambie mwenye wavu afanye kazi yake. Mwambie aguse. Mimi ndiye nimesema."

Hilari aliweka kiganja chake juu ya boneti.

"Na umwambie neno lingine. Yule mbung'o nilimjua. Alikuwa ndani ya nguo yangu tangu msituni, nilimsikia akitembea hapa begani. Nilipofika hapa nilitaka kuikung'uta. Nikaona haya, kuvua nguo mkwe wangu akiwa amesimama pale. Nikasema moyoni, atatoka mwenyewe." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mwambie sikumwambia mtu. Mwaka mzima. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua, mpaka niliposikia aliyomweleza Bwana Mbung'o."

Nilimtazama Dionizi. Hakugeuka upesi. Alipogeuka alikuwa ameinamisha uso kiasi kwamba hakuona ila mti na kile kilichokuwa juu yake. Alikuja taratibu. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya kaniki ile, mkono wazi, akauacha hapo muda wa kusema Baba Yetu moja. Kisha akapitisha wavu, polepole, kwenye kila mkunjo, upande huu na upande wa pili, mara tatu.

Ndani ya wavu hamkuwa na kitu.

"Mti," alisema, na sauti yake haikufika mbali, "mwambie mama nguo ni safi."

Mama Romana aliipokea bila kutazama nyuma, akajifunika. Ponsian alikuwa amekwisha kuinamia hendeli. Alizungusha mara moja, mara mbili, mara kumi, na Marehemu hakuitikia. Basi abiria wakazunguka nyuma ya lori kusukuma, Telesphor naye, nami pia kwa umri wangu, na Dionizi akaweka bega lake mwishoni kabisa, upande ule ambao yule mama, aliyesimama kando ya barabara akingoja, asingeweza kumwona.